Chafya Chini ya Mkuyu

Babu,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini nikianza bila kukuamkia ungenikemea.

Nimemaliza darasa la saba. Mbuzi wako kazaa. Koti lako ninalo mimi. Ila habari kubwa ni ya mkuyu.

Ulimwambia Baba, "Wageni wangu wakihama, ndipo uukate." Hakusahau. Anasema kivuli chake kinaua viazi. Na mbega, hao wageni wako, baada ya mazishi hawakuonekana tena. Arobaini ikapita, matawi matupu. Baba akaanza kunoa shoka.

Alfajiri nikavaa koti lako, nikaketi kwenye jiwe letu. Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukinifunika nalo hapo, mbega wakishuka karibu mpaka naona kucha zao. Sasa hawakuja. Niliwaita, lakini sauti yangu unaijua, hata kuku hawaisikii.

Nilitaka kulia. Nikatia mkono mfukoni, nikakuta kikopo chako cha ugoro. Nikakumbuka! Kila asubuhi ulivuta, ukapiga ile chafya ya kutikisa bonde, na wao wakanguruma kukujibu. Ukaniambia, "Unasikia? Wananitakia afya."

Basi nikavuta. Babu, pua ilishika moto! Nikapiga chafya mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Kimya. Nikapiga nyingine. Ndipo ng'ambo ya kijito wakanguruma wote pamoja, kisha wakavuka, matawi ya mkuyu yakaanza kuyumba. Jike mmoja alikuwa na mtoto kifuani, mweupe pepepe. Huyo hujamwona.

Nilipogeuka, Baba alikuwa amesimama na shoka. Nikasema, na nikasikika: "Baba, wageni hawajahama."

Akatazama juu, kisha akanitazama mimi, machozi na kamasi za ugoro. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu utuache.

"Haya, mama. Viazi tutapanda upande wa pili."

Jumatatu naanza kuwasaidia watoto wadogo kusoma, pale shuleni kwetu. Nilikuwa naogopa kusimama mbele yao. Bado naogopa, lakini kidogo.

Lala salama, Babu yangu. Ugoro ukiisha nitanunua mwingine gulioni Mlola, wanaocheka wacheke. Kila asubuhi wageni wako watasikia chafya, na yule mdogo nitamwambia ilikuwa ya nani.

Mjukuu wako,
Zaina