Masuke ya Ukingoni mwa Shamba

Mjukuu wangu Asumini,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Newala. Hatujambo. Binamu yako amejifungua mtoto wa kike. Mimi miguu ndiyo imekataa.

Unauliza kwa nini mtama mwitu humwaga punje zake chini, na wetu huzishika mpaka tuuvune. Wazee, kizazi baada ya kizazi, walipanda mbegu za masuke yaliyoshika. Nilijifunza hilo kwa kosa ambalo sijawahi kulisema.

Enzi za Mwingereza, nikiwa nimeolewa karibuni na nimetoka shule ya Lulindi, mama mkwe alinituma kuchagua masuke ya mbegu.

"Katikati ya shamba, Mwalimu," alinitania. "Yale ya ukingoni yameshaolewa porini."

Jua lilikuwa kali. Nikakata ya ukingoni. Mama mkwe aliyakagua moja moja bila kujua nilikoyakata, akayatundika juu ya meko yapate moshi.

Msimu uliofuata mtama mwingi ulipukutika kabla ya mavuno. Mama alikaa mchangani akiokota punje.

"Macho yangu yamezeeka," alisema. "Nimepitisha mbegu mbaya."

Nikainama, nikaokota naye. Hakukagua mbegu tena mpaka anafariki. Kazi hiyo aliniachia mimi, akinisifu kwa majirani.

Macho yake hayakuwa na kosa, Asumini. Mbegu iliyochanganyika na ya porini haionekani kwa macho ya mtu yeyote.

Ukija likizo, nenda kaburini kwake ukamwambie. Mimi miguu imekataa.

Bibi yako