Mstari wa Chaki Ambao Haujafutwa Mlangoni

Mpendwa mama yetu, Kezia Waisiko,

Kilichotuamsha miaka yote ni sauti ya chaki. Kabla hatujafumbua macho, kabla hatujajua kama nje kuna mvua au kumekauka, tulisikia chaki ikikwaruza mlango wa bati. Ikikwaruza, ikinyamaza kidogo wewe ukitazama tena kwenye Biblia, kisha ikiendelea. Tukiwa bado kitandani tuliweza kukisia urefu wa mstari. Leo umetimia mwaka mmoja tangu utuache, na kila asubuhi bado tunaamka tukiwa tumetega masikio.

Wapo watakaosoma karatasi hii ya kumbukumbu ambao hawakuwahi kufika kwetu Nyamisangura, basi tuwaeleze desturi yako. Kila asubuhi uliandika mstari mmoja wa Biblia mlangoni, upande wa nje, ili anayetoka aondoke nao na anayepita njiani ausome. Jioni, kabla ugali haujamegwa, kila mmoja alisema amekutana nao wapi siku hiyo. Hukutaka mahubiri. Ulitaka mahali na jambo. Na mlango ulikuwa na sheria moja tu: mstari unafutwa na yule uliyemgusa, akishautenda. Asipoutenda, kesho yake unabaki palepale.

"Mstari hauhami mpaka umalize kazi," ulikuwa ukisema.

Siku uliyoandika Walawi kumi na tisa, kuhusu mizani ya haki, uliufuta mwenyewe. Ulikuwa umempimia mteja maharage, akaondoka, ndipo ukaona kopo lilikuwa na karatasi imekwama chini. Ukamkimbilia hadi ng'ambo ya barabara, kanga imefungwa kiunoni, umebeba maharage viganjani. Siku ya Wafilipi mbili, ile ya kutenda mambo yote bila manung'uniko, Baba alikula ugali ambao haukuiva katikati, akanawa mikono, akasema taratibu, "Nimekutana nao hapa hapa mezani." Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Chaki ulipewa na jirani yetu Athumani, fundi cherehani. Vilikuwa vipande vya bluu vilivyobaki baada ya kukata suruali. Yeye ni Mwislamu, lakini hakupita bila kusoma. "Mama Mwikwabe, leo umewapa mgumu," alikuwa akisema. Nawe unamjibu, "Na wewe usipite bure, Athumani. Ile suruali ya mchungaji uliahidi lini?"

Mama, tungependa karatasi hii iishie hapo, kwenye kicheko. Lakini mwanao wa mwisho, Mseti, ndiye tuliyempa kalamu, na Baba amemwambia ajitaje kwa jina lake kama anavyowataja wengine, asijifiche nyuma ya neno "sisi".

Mwaka wako wa mwisho, machimbo ya Nyakunguru yalikuwa yamefurika watu. Kila aliyekuwa na sururu alikuwa amekwenda, na kila aliyerudi alileta habari za mawe. Wanao wawili walichimba duara moja, yaani shimo la dhahabu, Mwikwabe mkubwa na Mseti mdogo. Mwikwabe alikuwa amewahi kufanya kazi ya useremala, na hakumruhusu mtu kushuka kabla kuta hazijawekewa matimba, ile miti ya kuzuia udongo usianguke. Alipima, akakata, akagonga, akapima tena. Mseti aliona siku zinapotea. Jirani wanatoa mawe, wao wanatoa vumbi la mbao.

Mseti alikuwa amejifundisha ushairi mwenyewe, akihesabu mizani kwa vidole, na alijiona hana mwenzake kati ya Tarime na Mugumu. Unakumbuka ulivyomwandikia mstari wa Yakobo tatu, ulimi ni kiungo kidogo, naye akakujibu kuwa ulimi wake ni mkubwa. Basi siku moja, kwenye mashine ya kusagia mawe, mbele ya wachimbaji wote, Mwikwabe aliposema leo hakuna kushuka kwa sababu ameona ufa, Mseti alipanda juu ya lundo la mawe akatoa hii:

Kaka yangu fundi mbao, shimoni hataki shuka,
Akisikia udongo, magoti yatetemeka.

Watu waliangua kicheko. Kabla ya saa kumi mashine zote zilikuwa zinauimba, na wanawake waliokuwa wakiponda mawe waliufuatisha kwa nyundo. Kwetu mdogo hamtungii mkubwa wake wimbo wa kejeli mbele za watu. Mseti alilijua hilo. Aliona mizani imekaa vizuri, vina vimekaa vizuri, akashindwa kumeza.

Mwikwabe hakumpiga. Alikuja nyumbani mchana ule, akakunja nguo zake, akakuamkia, akakuambia amepata kazi ya kutengeneza samani kwenye hoteli ya watalii Ikoma. Ulimuuliza, "Unarudi lini?" Akasema, "Wimbo ukisahaulika."

Kesho yake chaki ilikwaruza kwa muda mrefu. Ilikuwa Waefeso nne, ishirini na sita: jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka.

Mseti aliusoma akiwa na mswaki mdomoni. "Mama, hapa umeniandikia mimi."

"Nimeandikia mlango," ulimjibu. "Anayetoka ndiye anayejua."

Jioni kila mmoja alisema alipokutana nao, isipokuwa Mseti, ambaye alisema hakukutana nao popote. Ukaubakiza. Ukabaki siku ya pili. Ukabaki wiki. Siku zote tulizoishi na desturi ile, hakuna mstari uliokuwa umelala mlangoni zaidi ya siku nne. Athumani alipita, akasimama, akauliza kama chaki imekwisha akuletee nyingine. "Chaki ipo," ulisema. "Mtu ndiye hayupo."

Siku ya thelathini ulipanda pikipiki mpaka Nyakunguru. Mseti alikuwa chini. Alisikia sauti yako ikiteremka shimoni kabla hajaona kichwa chako pale mdomoni, umeinama, umeshika kanga isikufunike uso.

"Mseti, mwanangu. Siku ngapi sasa jua linachwa?"

Naye akakujibu kutoka chini, kwa sauti ya kutosha wote wasikie, "Mama, huku chini hakuna jua. Halichwi."

Wachimbaji walicheka tena. Alikuwa mwepesi, Mseti, alikuwa mwepesi sana. Mmoja wao peke yake, mzee kidogo, hakucheka, alisema, "Mura," yaani kijana, "huyo ni mama yako." Wewe hukuudhika kwa sauti. Ulisema tu, "Basi panda ulitazame. Mimi nakungoja hapa."

Uliketi kwenye lundo la mawe, juani, tangu saa nane. Ulikuwa umefunga chapati kwenye gazeti. Mseti alijua uko pale kila alipotuma ndoo juu, kwa sababu aliyekuwa akivuta kamba alimwambia, "Bado yupo." Hakupanda. Alijiambia anamalizia mshipa wa dhahabu, lakini hakukuwa na mshipa pale, alikuwa anachokonoa udongo mtupu akingoja uchoke. Alipopanda jua lilikuwa limechwa na pikipiki ya mwisho ilikuwa imekuchukua. Chapati zilikuwa juu ya jiwe, zimefunikwa na jiwe dogo zisipeperuke.

Alikula chapati hizo, Mama. Hilo pia alitaka liandikwe. Alizimaliza zote na hakukushukuru.

Siku ya arobaini na moja presha ilipanda ghafla ukiwa unachambua maharage, na hukufika hospitali. Mwikwabe alikuja kutoka Ikoma. Wanao walibeba jeneza lako, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakashusha pamoja kwa kamba moja, na hawakuambiana neno, hata la "legeza" au "shika". Watu waliona. Baada ya wiki tatu, Jumapili, watu wote wakiwa kanisani au sokoni, duara likatitia. Palepale kwenye ufa alioutaja Mwikwabe. Mseti alisimama ukingoni akiangalia udongo uliokuwa umejaa mahali alipozoea kukaa, na badala ya kumrahisishia kuomba msamaha, jambo hilo lilimfunga mdomo zaidi. Kumwambia kaka yake samahani sasa kulikuwa ni kumwambia pia kwamba kaka ndiye aliyekuwa sahihi. Kwa mtu wa kiburi hiyo ni mizigo miwili.

Ndivyo mwaka ulivyokwisha. Mlango uko chini ya paa, mvua haiufikii. Hakuna aliyeufuta mstari, kwa sababu sheria tunaijua.

Wiki iliyopita tulikutana kuandika karatasi hii. Felista, binti yako aliyeolewa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, alikuja na mumewe Oduol. Mseti alikuwa ameandika kila kitu kwa ushairi, beti kumi na mbili, na mwisho ameorodhesha majina. Felista alisoma mpaka kwenye majina, akaweka karatasi mezani.

"Mwikwabe na Mseti," alisema. "Hawa wawili wanakaa pamoja hapa kwenye karatasi tu?"

"Ni orodha ya familia," Mseti alisema.

"Mama alikuwa anaandika kitu, halafu anakifanya. Wewe unaandika ili usifanye."

Oduol alijaribu kusema kidogo kwamba shairi lenyewe ni zuri. "Zuri, ndiyo," Felista alimwambia. "Hata lile la kwanza lilikuwa zuri."

Baba alinyoosha mkono mezani. Alichukua beti kumi na mbili, akazikunja mara nne, akazitia mfukoni. "Andika upya, kwa maneno ya kawaida. Na hilo jina la Mwikwabe huliweki kabla hujamwomba. Piga simu hapa, tunasikia."

Mseti alipiga. Iliita kwa muda mrefu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nani amefariki?"

"Hakuna. Ni kumbukumbu ya Mama."

"Tarehe naijua."

"Naomba ruhusa niweke jina lako."

"Mimi ni mtoto wake. Niweke. Ila usiniweke kwenye shairi."

Baba alitazama ukuta kuficha uso. Mseti alikuwa ameandaa maneno mengi, yote yamepangwa, na yote yalimpotea. Alisema tu, "Kaka, ulikuwa sahihi kuhusu matimba. Na hata lile duara lisingetitia, nilikukosea. Nilikukosea siku ileile."

Tulisikia nyundo upande wa pili, mtu mwingine akigonga mbao. Kisha Mwikwabe akauliza, "Mstari bado upo?"

"Upo."

"Haujafutika?"

"Chaki ya Athumani haifutiki yenyewe."

"Haya. Niko kazini," alisema, akakata.

Hatujui kama huo ni msamaha, Mama. Felista anasema ndiyo, Baba anasema bado. Tunajua kwamba wewe ungeubakiza mstari mpaka wote wawili wawe wamesimama mbele ya mlango, na ungekuwa sahihi.

Tunakukumbuka sisi, mumeo Mzee Nyamhanga, watoto wako Mwikwabe wa Ikoma, Felista na mumewe Oduol, na Mseti, wajukuu zako, dada yako Abigaeli, pamoja na jirani zako Athumani na mkewe Mwantumu, ambao wameleta chaki mpya ingawa hatukuiomba. Wewe hutoki mioyoni mwetu, wala mlangoni mwetu.

Asubuhi ya leo, kabla karatasi hii haijapelekwa kuchapwa, Baba alimwambia Mseti asiiache iseme peke yake. Akamsimamisha nje, mbele ya mlango wako, sisi sote tukisikia, Athumani naye akiwa amesimama njiani na futi ya kupimia shingoni. Mseti aliweka kiganja kwenye bati, pembeni ya maandishi yako, asiyaguse. Akasema:

"Mama, Jumamosi napanda gari la kwanza la Mugumu, niunganishe mpaka Ikoma, na jua halitachwa kabla sijafika kwa kaka. Nikikuta hataki kutoka, nitakaa nje, juani, nimngoje."