Bastola ya Risasi Tano

Dada Bakhita,

Salamu kutoka Bawshar. Nduguyo nna bahati mie: tangu mwizi avunje dirisha la jikoni, nimepata kibali na bastola nnayo, rivolva ndogo ya risasi tano, inaenea mfuko wa kanzu. Arudi aone.

Ila nimegundua ajabu. Bastola ikiwa ndogo, kifyatuo chake huwa kigumu zaidi. Dukani nilimuuliza muuzaji kwa nini, akanipa moja tupu.

"Vuta mwenyewe, ami."

Nikavuta kwa kidole kimoja, halafu kwa viwili. Hakikwenda. Akautazama mkono wangu wa kulia, huu uliolegea tangu Ramadhani, ambao sikukwambia.

Mlango nnauegemezea kiti. Njoo ukae nami, dada. Bastola sinayo.

Nduguyo,
Marhoon