Chumba cha Nzioka

Mpendwa mume wangu,

Nimeanza hivyo kwa mazoea tu, usilitie maanani hilo neno la kwanza. Simu zangu hupokei tangu juzi, kwa hiyo naandika hapa kwenye kikundi cha wafugaji kuku, wasome wote mpaka ikufikie.

Unakumbuka chumba cha nyuma hapa Kola, kile tulichokiita chumba cha Nzioka tulipooana? Ni jina la marehemu baba yako, na kwetu kifungua mimba wa kiume hana jina lingine. Mtoto hakuja. Kiangazi kilipokausha hata magugu na kuku wakaanza kutaga kwa kubahatisha, ulikuja na gunia la shayiri ukasema, "Hii chumba itakaa bure mpaka lini? Wacha imee kitu." Nililia kidogo jikoni, kisha nikaja kukusaidia kupanga trei.

Tulijifunza pamoja. Tuliloweka shayiri usiku kucha, tukaitandaza kwenye trei zenye matundu, tukaifunika kwa leso yangu iliyolowa mpaka ichipue, kisha maji asubuhi na jioni, bila udongo hata kidogo. Maji yalipokuwa yakituama, ulikata kandambili yako ya buluu, ukaweka vipande chini ya miguu miwili ya stendi ili trei ziiname. Mimi nikaleta chumvi ya kuoshea mbegu zisishike ukungu, ukanicheka. "Sasa unawapikia kuku muthokoi ama?" Siku ya kwanza ya kuvuna uliyakunja majani na mizizi yake kama mkeka, na kuku wakatuvamia mlangoni. Ukiwa kazini Athi River ulinipigia kila jioni kuuliza, "Nzioka amekunywa maji?" Nilidhani huo ni utani wa watu wawili.

Ulipoanza kukosa kuja wikendi ulisema ni zamu, nami nikaamini. Kanisani nilijigamba kwamba mume wangu anajinyima usingizi kwa ajili yetu.

Juzi mwenzetu mmoja alinitumia video, bila kujua lolote, nione mtu wa mjini anayeotesha majani sebuleni. Uso hauonekani, lakini mikono yako naijua. Chini ya stendi kuna vipande vya kandambili. Nikajiuliza mbona sebuleni, wakati wewe ndiye uliyesema yanataka chumba chenye giza na ubaridi. Kisha mtoto anayetembea vizuri akaja, akanyofoa majani, na nikasikia sauti yako: "Nzioka, wacha. Hiyo ni ya kuku." Mwanamke aliyeshika simu akacheka.

Kumbe vyumba vya huko vina watu.

Nilimpelekea mama yako hiyo video. Mwaitu, ambaye nimemchotea maji tangu niolewe. Alitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu. Hakuuliza ni mtoto wa nani. Alisema tu, "Amekuwa mkubwa." Hapo ndipo nilipotafuta kiti.

Nimekasirika, na sitajifanya mpole ili nisifiwe. Ungeniambia unataka mke wa pili ningepiga kelele mpaka majirani waje, lakini ningejua. Kinachonichoma ni zile simu za jioni. Uliniuliza kama Nzioka amekunywa maji, na Nzioka yuko mapajani pako.

Kuku wazima. Trei bado zinamea, hazina kosa.

Sikutaka kukuandikia kabisa. Lakini nimeitazama ile video mara nyingi kuliko inavyonifaa, na trei ya chini ina weusi pembeni. Huo ni ukungu. Hukuosha mbegu kwa chumvi, kwa sababu uliona huo ni mchezo wa mke wako. Na kabla video haijakatika, mtoto anapeleka yale majani mdomoni. Tupa hiyo trei yote, hata kuku usiwape, na umweke mtoto mbali. Sikuandikii kwa ajili yako wala ya mama yake. Jina hilo nimelitunza mimi miaka yote hii, na sitaki kulisikia likililiwa.

Wikendi usije.

Mkeo, niliyebaki na chumba.