Jina la Mama Kwenye Kioo cha Kijani

Baba,

Ile kompyuta yako ya kioo cha kijani bado inawaka. Nakwambia hili kwanza kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza.

Tangu tukuzike, Anti Ndinda hataki kuiona. Matanga hayajaisha akaanza: "Mutheu, hii ng'ombe yenu ya kijani haitoi maziwa. Ita mtu wa vyuma vikuukuu." Nimemkuta amesimama mlangoni pa chumba ulichofundishia taipu hapa mjini Kabati, anaiangalia kama mtu aliyeona nyoka. Nikamshuku, Baba. Ukweli ni kwamba nimemshuku tangu ulipomwoa.

Unakumbuka Mama akiwa hai? Ukiiwasha iliandika "Karibu, Mumbua", jina likiwaka na kuzimika. Mama alikuwa anacheka, "Sasa unanikaribisha kwangu?" huku akikunja kile kitambaa alichokifuma cha kuikinga na vumbi. Mama akafa, Anti akaja, na siku moja nikaona jina halipo. "Karibu", basi, kisha weusi mtupu. Sikukuuliza. Nilijiambia amekushurutisha ulifute.

Juma lililopita nilijifungia humo nikaifungua ile programu. Ulinifundisha mwenyewe, kidole changu chini ya chako: kabla ya maneno unaweka namba. Saba, herufi za kawaida. Kumi na tano, zinang'aa. Ukiongeza kumi na sita, zinawaka na kuzimika. Sifuri, zinakuwa nyeusi juu ya weusi. "Hazijafutika," ulisema. "Zimenyamaza tu."

Jina la Mama lipo, Baba. Kabla yake umeweka sifuri.

Nilimwita Anti, na sikumwita vizuri. "Ni wewe ulimwambia Baba amfiche Mama?"

Akakaa kwenye kiti chako. "Mimi? Baba yako kila alasiri aliwasha hiyo kitu, akakaa anaangalia pahali hakuna kitu, anatabasamu. Nikiingia, hafichi chochote. Sasa ningemshuku na nani?"

Nikaitoa sifuri, nikaweka saba. Anti akasoma polepole, kidole kikifuata herufi.

"Kumbe ni Mumbua," akasema. "Si angeniambia tu."

Kwa nini hukutuambia, Baba? Ulimficha ili Anti asiumie, au ili sisi tusikuone ukimwangalia? Nimekaa mbele ya hicho kioo na sijapata.

Sikudanganyi, Anti bado namwangalia kwa jicho la pembeni. Lakini jana yule mtu wa vyuma alipofika na mkokoteni, ni yeye alitoka kumfukuza. Kisha akakifua kile kitambaa, akakianika.

Pumzika sasa, Baba. Saba nimeiacha palepale. Nitaiwasha alasiri, saa zako, na mlango utakuwa wazi. Anti akitaka kukaa, nitamsogezea kiti.

Binti yako,
Mutheu