Kipimo cha Wifi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana akili imegota, mimi ni fundi cherehani, ninaishi na virusi vya UKIMWI, dawa nakunywa na mume wangu anajua, nimejifungua binti, sasa ana miezi miwili, na kliniki walisema nimpeleke akatolewe damu ya kisigino, lakini wifi yangu ana duka la dawa akasema foleni ya nini, mleteni hapa, akamchoma kidole akampima kwa kile kipimo cha haraka cha watu wazima, ikatoka mistari miwili, akaniambia, “Pole wifi, kishaambukizwa huyo, kliniki utafuata nini tena?” Tangu hapo baba yake hamshiki, ile dawa ya maji ya kumkinga nimeacha kumpa, namnyonyesha huku nalia, najiona nimemuua kwa mkono wangu.

Ni mimi, Mama Muuaji

“Kishaambukizwa.” Nani kasema? Kipimo kile hakitafuti virusi, mama. Kinatafuta kingamwili, silaha ambazo mwili hutengeneza kupigana navyo, na za kwako zilimwingia mtoto tangu tumboni. Hukaa katika damu yake hata mwaka na nusu. Wifi yako amekupima wewe kupitia kidole cha mwanao!

Sisemi mtoto ni mzima. Sijui, na wifi hajui. Damu ya kisigino ndiyo itakayosema, kwa kuwa maabara huvitafuta virusi vyenyewe. Akiwa navyo, aanze matibabu mara moja, maana kichanga asiyetibiwa hufa upesi. Akiwa hana, alindwe, na atapimwa tena na tena mpaka baada ya kuacha kunyonya.

Lakini wewe nawe! Dawa ya mtoto unaiacha kwa neno la mwenye duka, na waliokupa hukuwauliza? Nakuhurumia, na nimekukasirikia vilevile. Jina hilo ulilojibandika livue. Muuaji hamezi vidonge kila siku ili mwanawe apone.

Kesho funika cherehani uende. Waambie ulisimamisha dawa, usione haya, watakuelekeza. Endelea kunyonyesha, na vidonge vyako usiviruke. Baba ndiye ambebe mtoto njiani. Nawe baba mtoto, kupakata hakuambukizi, na huyo ni damu yako.

Nanyi wenye maduka ya dawa, nawataja bila kumung'unya maneno: mama akiwaletea kichanga, wekeni sindano chini. Fungeni duka, mshikeni mkono, mpelekeni kliniki.