Kofia Kitandani, Maji Mgongoni

Jumanne, 3 Juni
Jana Daktari Grewal kanipasua mgongo, katoa kipande cha diski kilichokuwa kinabana mshipa wa fahamu. Zawadi ya yule fahali aliyenirusha mashindanoni! Mguu hauumi tena. Nikasimama, nikapunga kofia dirishani. Mpanda fahali akianguka huinuka na kupunga kofia, hata mbavu zikivunjika. Ndiyo sheria. Nesi Marivic: we kijana, unampungia nani, magari? Akanilaza, akaiweka kofia kitandani. Kitandani! Jimbo zima la Alberta linajua kofia kitandani ni mkosi. Nikaitupa kwenye kiti.

Jumatano, 4 Juni
Kichwa! Nikiketi, kwato zinapiga kisogoni. Nikilala — kimya. Ni ile kofia tu. Baba kauliza vipi. Freshi! Kafurahi: huyo ndiye mwanangu. Bandeji imelowa. Nimemwambia Marivic nimemwaga kahawa.

Alhamisi, 5 Juni
Nimekamatwa. Marivic kashika bandeji: kahawa gani haina rangi? Kwenu mnakunywa mvua? Nikaketi nimjibu — nikatapika.
Daktari kaja. Utando wa uti wa mgongo una tundu, maji ya ubongo yanavujia huko. Nikiinuka ubongo unashuka, ndiyo kichwa kinagonga. Maji yamepelekwa maabara, mimi nikapigwa picha. Ni yenyewe.
Mbona hukusema? Mpanda fahali halalamiki, dokta. Akasema vijidudu vingepita hapo ningekufa bila kulalamika, tena vizuri sana. Baba kaangalia buti zake.
Amri: kulala bapa kama pankeki. Kahawa kwa mrija!

Jumamosi, 7 Juni
Maji bado yanavuja. Leo kiraka: wamevuta damu mkononi, wakaidunga mgongoni igande, izibe tundu. Damu yangu mwenyewe, ya daraja la kwanza! Isiposhika, Jumatatu napasuliwa tena. Hapo sikucheka.
Baba: na mimi farasi aliponiangusha sikusema. Unaniona ninavyotembea upande. Wewe sema, mwanangu.

Jumapili, 8 Juni
Marivic: haya shujaa, keti polepole, shika kitanda kwa mikono miwili. Kofia ilikuwa mkononi. Nikaiweka — kitandani. Marivic kacheka mpaka kashika ukuta, akaenda zake.
Naandika nimeketi! Kichwa kimya kabisa. Baba kasinzia kitini.
Nimepapasa mgongo sasa hivi. Kidole kina unyevu. Kidogo tu. Labda jasho. Labda kahawa, ha!
Nimebonyeza kengele. Nasikia viatu vya Marivic vinakuja —